Barua kwa mdogo wangu anayeingia wodini: hesabu pumzi dakika nzima

Mdogo wangu,

Wiki ijayo mnaanza mafunzo ya vitendo. Sare umeshashona, na naomba mkononi uwe na saa yenye mshale wa sekunde. Kama fedha haitoshi, nunua saa kwanza, stetoskopu itafuata. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja: kila namba utakayoijaza kwenye chati iwe imetoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Uchunguzi unaanza na shikamoo. Mgonjwa akikujibu "marahaba mwanangu, umeamkaje" kwa pumzi moja, umeshajua kwamba anasikia, ana fahamu, njia yake ya hewa iko wazi na hewa inamtosha. Akiwa anavuta hewa kila baada ya neno moja au mawili, acha maswali ya historia, mwite nesi msimamizi hapo hapo. Asipojibu, mwite kwa sauti huku ukimgusa bega, kisha jaribu kumfinya. Andika ulichokiona: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa.

Sasa pumzi. Ukikuta chati ambayo safu nzima ya vitanda imeandikwa 20, ujue hakuna aliyehesabu. Mapigo yana oksimita, kile kifaa kinachobanwa kidoleni, presha ina mashine, joto lina themomita. Pumzi inahitaji macho yako na dakika nzima, na ndiyo maana inaachwa. Lakini mwili ukianza kuelemewa na nimonia, na maambukizi yaliyoingia kwenye damu, au na damu inayovuja ndani, pumzi mara nyingi huongezeka mapema, presha ikiwa bado inasoma vizuri. Kijana mwenye afya hubana mishipa yake na kuukimbiza moyo, presha ikabaki 120/80 huku hali inaharibika. Ukiitegemea presha peke yake utachelewa.

Fanya hivi. Laza mkono wa mgonjwa juu ya kifua chake, weka vidole viwili au vitatu kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake. Ukimaliza usiondoe vidole wala usimwambie kitu. Hamisha macho kwenye kifua uhesabu kinavyopanda kwa sekunde 60. Akijua unahesabu pumzi, atabadilisha namna anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 25 au zaidi, au ikishuka hadi 8, usisubiri ripoti ya kubadilishana zamu. Mtoto mpandishe nguo, umhesabu akiwa halii wala hanyonyi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi 2 hadi 11, ni 50, mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea anapovuta hewa.

Presha ndiyo inayoharibiwa na haraka. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, amekwenda haja ndogo, mkono umewekwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia chini, kipimo kinapanda. Usifunge kafu, ule mkanda wa kupimia presha unaojazwa hewa, juu ya sweta wala juu ya buibui. Vuta pazia, msaidie kuutoa mkono. Mfuko wa hewa wa kafu uzunguke kama asilimia 80 ya mkono, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Mama mwenye mkono mnene akifungwa kafu ndogo atasomeka juu kuliko alivyo, na huenda akaanzishiwa dawa asiyoihitaji.

Kabla ya kusikiliza mapigo kwa stetoskopu, jaza hewa huku umeshika mapigo ya kifundo hadi yapotee, kisha toa hewa yote. Mara ya pili jaza hadi milimita 30 juu ya pale yalipopotea. Kuna wagonjwa, hasa wenye presha ya juu, ambao sauti hukatika katikati kisha hurudi. Ukijaza kwa kukisia, utakamata zile zilizorudi ukadhani ndizo za kwanza. Shusha taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukishusha kwa kasi, namba ya juu itasomeka chini na ya chini itasomeka juu.

Joto ni rahisi: kausha jasho la kwapa, bana themomita mpaka ilie. Kuanzia 37.5 kwapani ni homa.

Vitabu vingi vinaeleza rangi kwa ngozi nyeupe, na wagonjwa wako wengi hawana ngozi hiyo. Upungufu wa damu utafute kwenye viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Manjano itafute kwenye weupe wa jicho kwa mwanga wa mchana, kisha hakikisha chini ya ulimi, kwa sababu macho ya watu weusi huweza kuwa na madoa ya kahawia bila ugonjwa wowote. Uvimbe wenye joto upapase kwa mgongo wa kiganja, usingoje wekundu. Na bibi harusi mwenye piko hadi kwenye kucha anaweza kuivuruga oksimita. Tafuta kidole kisichopakwa.

Tumbo nalo lina mpangilio wake: tazama, sikiliza, gonga, ndipo ubonyeze, ukianzia mbali na panapouma. Ukibonyeza kwanza, unabadilisha sauti za utumbo.

Ukiuliza dawa, usiulize "unatumia dawa gani" ukaishia hapo. Wengi hawahesabu majani yaliyochemshwa nyumbani kuwa dawa. Uliza, "Umekunywa nini tangu uanze kuumwa, hata cha nyumbani?" na usikunje uso jibu likija.

Namba ikikushangaza, pima tena kwa mkono wako, andika saa, mweleze msimamizi kwa namba: "Kitanda cha 7, pumzi 28, nimehesabu mara mbili." Usipopata nafasi ya kupima, acha mstari wazi na uandike sababu.

Dada yako