Barua ya wazi kwa mdogo wangu: viazi na mboga za majani kwenye kikaango kimoja

Mdogo wangu,

Picha uliyonitumia nimeiona. Viazi vimevunjikavunjika, majani yamekuwa rangi ya jeshi, na chini kumetuama kimchuzi cha kijani ambacho hukukipika wewe, kimejipika chenyewe. Usiulaumu mkono wako. Chakula hiki kina vitu viwili tu, ila haviivi kwa njia moja. Kiazi kinataka ukavu ndipo kishike rangi, na jani likipata moto tu linamwaga maji. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, jani linashinda, na kinachofika mezani ni kiazi cha kuchemsha kilicholowa. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye shida hii ni wengi.

Kwa watu watatu andaa viazi mviringo gramu 600 (vinne au vitano vya kiasi), mboga za majani gramu 250, kitunguu maji kimoja, punje 3 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 4 vya chakula, chumvi, pilipili manga na nusu limau. Kikaango kiwe kipana, sentimita 28 hivi, na kitako kizito. Kitako chembamba kinaungua katikati huku pembeni pakiwa vuguvugu, na ukimwaga viazi kinapoa papo hapo.

Tuanze na kiazi, maana hapo ndipo ulipoharibikiwa. Kuna viazi vya unga, vizuri vya kuponda, na kuna vinavyobaki vigumugumu hata vikiiva. Kwa kikaango chukua hivyo vya pili. Ukiwa na shaka navyo, koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, utumbukize kiazi: chenye wanga mwingi huzama, chenye wanga mchache huelea, na hicho ndicho unachokitaka. Na usiviweke kwenye friji. Kwenye baridi ile wanga hugeuka sukari, na sukari huwahi kuungua, ndiyo maana wakati mwingine viazi vinakuwa vyeusi nje na ndani bado vibichi. Viweke mahali penye giza, pakavu, penye hewa. Kilichoota kijani chini ya ganda, au chipukizi, kata sehemu hiyo kwa unene wa kutosha. Kikiwa kijani sehemu kubwa au kichungu ulimini, tupa. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga.

Menya, kata vipande vya mraba vya sentimita 2, vyote sawa. Usawa huo si urembo: kipande kidogo kitakuwa uji wakati ndugu yake mkubwa hajaanza kulainika. Suuza mara mbili au tatu mpaka maji yaache kuwa meupe, kwa kuwa wanga ule wa juu ndio gundi inayobandika kiazi kwenye chuma.

Wapo wanaokaanga viazi vibichi moja kwa moja. Inawezekana, lakini inachukua karibu nusu saa, na kwa anayeanza mara nyingi nje kunawahi kuungua. Wewe chemsha kwanza, nusu kuiva. Viweke kwenye maji ya baridi, siyo yanayochemka, ili joto liingie taratibu na katikati pasiachwe nyuma. Kwa kila lita tia chumvi vijiko 2 vya chai na siki kijiko 1 cha chakula. Siki haitasikika ulimini. Kazi yake ni kuzuia kile kinachoshikanisha kiazi kisiyeyuke haraka, hivyo kingo za vipande hubaki zimesimama. Yakishaanza kuchemka hesabu dakika 5, kisha choma kipande kwa ncha ya kisu: ipenye nje bila shida, halafu ikwame kidogo katikati. Ikipita moja kwa moja umechelewa. Viponde na ule hivyo hivyo, kikaango kisubiri siku nyingine.

Mwaga maji yote. Rudisha viazi kwenye sufuria yenye joto, nje ya moto, bila kifuniko, uviache dakika 5. Hatua hii watu wanairuka, na mimi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Viangalie: mwanzoni vinang'aa na kutoa mvuke mwingi, kisha mvuke unapungua, ule mng'ao unakufa, na juu panabaki weupe uliopauka kama chaki. Sasa vimekauka. Maji hayapiti nyuzi 100, na rangi ya kahawia yenye ladha inaanza kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo uso wa kiazi ukiwa na maji, moto wote unaishia kuyafukuza hayo maji kwanza.

Pasha kikaango dakika 2 kwa moto wa kati, tia mafuta vijiko 3. Yakianza kutiririka mepesi kama maji, tupia kipande kimoja. Kikikaa kimya, subiri. Kikilia mara moja, mwaga vingine, tabaka moja tu, kila kipande kiguse chuma. Visipoenea, kaanga kwa awamu mbili, maana vikirundikana vinapikana kwa mvuke. Halafu weka mwiko chini. Dakika 4 usiguse kitu. Najua mkono unawasha! Kipande kinachong'ang'ania ukikigeuza hakijaiva upande huo. Kikishapata ukoko kinaachia chenyewe. Ukikikwangua kwa nguvu, ukoko unabaki kwenye kikaango na wewe unabaki na kiazi uchi. Geuza, acha tena dakika 3 au 4, hivyo hivyo mpaka pande tatu au nne zipate rangi. Jumla ni kama dakika 15. Sikiliza pia: mwanzoni mlio ni mzito, wa majimaji, baadaye unakuwa mwembamba na mkavu. Kifuniko kisisogee karibu.

Wakati kiazi kinajishughulikia, shika majani. Yaoshe yakiwa mazima kwenye beseni kubwa lenye maji mengi, yasukesuke, uyaache dakika moja mchanga utulie, kisha uyainue kwa mikono. Usiyamwage pamoja na maji kwenye chujio, maana mchanga uliokwisha kuzama utarudi juu yake. Badilisha maji mpaka chini ya beseni pawe safi. Yakung'ute, yapanguse kwa kitambaa. Kila tone unaloliacha ni tone utakalolikausha kwa moto baadaye. Kata baada ya kuosha, siyo kabla, la sivyo utamu na vitamini C vinaondoka na maji.

Mashina yatenge. Yale laini ya mchicha yapite na majani, lakini ya sukuma wiki yakate vidogo, nusu sentimita, yatangulie. Majani yenyewe yakunje kama mkeka na uyakate kwa upana wa kidole.

Viazi vikishapata rangi, viopoe kwenye sahani, usivifunike. Wengi hapa wanamwaga majani juu ya viazi, wakidhani kikaango kimoja maana yake ni kwa wakati mmoja. Punguza moto, tia kijiko cha mwisho cha mafuta, kaanga kitunguu dakika 5 mpaka kilainike, tia mashina dakika 2, kisha kitunguu saumu nusu dakika tu. Saumu ikiwa kahawia iliyoiva sana imekuwa chungu na hakuna dawa yake. Itoe, anza na nyingine.

Pandisha moto, tia majani kwa mafungu, fungu likinywea ndipo uongeze lingine. Mchicha na spinachi dakika 2 zinatosha, sukuma wiki 4 au 5, kabichi 5 au 6. Chumvi bado! Lundo lililojaa kikaango litanywea mpaka libaki konzi moja au mbili, na ukilitia chumvi kwa kulitazama lilivyo mwanzoni litakuwa halilambiki. Isitoshe, chumvi inawahisha maji kutoka. Pitisha mwiko katikati ya kikaango: mstari ukibaki mkavu, rudisha viazi, ukijaa maji tena, ngoja kidogo.

Viazi vikirudi, geuza mara mbili tatu, dakika moja basi. Sasa chumvi, kwa kuonja, ukikumbuka viazi vilishapata yake kwenye maji. Pilipili manga. Limau kamulia ukishaepua, tena mezani ni bora zaidi, kwa sababu uchachu ukikutana na moto unaua kijani na kuleta ile rangi ya jeshi ya kwenye picha yako. Kuna atakayekushauri magadi ili majani yabaki kijani. Rangi itabaki kweli, ila majani yatakuwa telezi. Mimi siyatii.

Ukitaka mayai, yakaange pembeni uyaweke juu. Kuyapasulia humo humo kunadai kifuniko ili yaive juu, na mvuke wa kifuniko utalainisha ukoko wote uliouhangaikia.

Kikibaki, kiingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu ukiepue. Kesho yake kipashe kwenye kikaango, tone la mafuta, moto wa kati, bila kifuniko, ukitandaze na kukiacha kama dakika 5 mpaka kiwe moto kabisa. Kijani hakitakuwa kile cha jana, lakini kiazi kitapata ukoko wa pili.

Nitumie picha nyingine ukijaribu, na safari hii piga na ya chini ya kikaango.

Dada yako