Noeli njema kwenu, na kwa wote walio zamu usiku huu

Tumsifu Yesu Kristo! Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za Majilio, natumaini mko salama popote mlipo, mlioko Dar, Mwanza, Arusha na nyie mliovuka maji. Huku kwetu Kagera mvua haijatuacha, senene wameanguka wiki mbili zilizopita na watoto walikesha nje na taa, asubuhi kila nyumba watu wamekaa barazani wananyonyoa mbawa, yaani mnajua wenyewe ile harufu ikianza kutoka jikoni ndiyo unajua kabisa Krismasi imefika hata kalenda usipoiangalia.

Naandika salamu hizi kama mtoto wa mwanajeshi, na kama binti anayewashikia daftari la michango wazee wetu wa parokiani, wale wastaafu wa jeshi. Wengi wenu mnawaona tu Jumapili, wamekaa benchi za kushoto, suti za zamani na medali kifuani siku za sikukuu, mnawapa shikamoo mnapita. Mwaka huu nataka niwaambie kidogo habari zao maana nimekaa nao muda mrefu na naona watu wengi hawajui hata kikundi kilianzaje.

Kilizaliwa na tetemeko. Ile Septemba 10 mwaka 2016, Jumamosi mchana, ardhi ilipotikisika na nyumba za watu zikalala chini, sisi wengine tulikuwa tunalia na kukimbizana kutafuta ndugu, wazee hawa hawakuitwa na mtu. Wametokea mmoja mmoja na kamba na mapanga, mmoja akaanza kupanga watu nani achimbe nani abebe, jioni ile familia zisizo na pa kulala zilikuwa chini ya maturubai yaliyosimamishwa vizuri kabisa na mtaro umechimbwa pembeni maji yasiingie. Baba yangu, Mungu amrehemu, nilimuuliza mmejifunza wapi kusimamisha hema haraka hivi, akanitazama akasema mwanangu sisi tumelala nje miaka. Baada ya hapo paroko akawaambia jamani msitawanyike tena, na hawakutawanyika.

Wengi wao ni wa vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Wachache sasa, kila mwaka tunawazika. Kuna waliokuwa askari kamili wa JWTZ na kuna waliokuwa mgambo tu, vijana wa migombani waliochukuliwa 1978 wakafundishwa haraka wakapelekwa mbele, na hawa mgambo ndio wananiuma zaidi roho maana vita ilipoisha walirudi shambani, pensheni hawana, karatasi wengine zilishapotea, na hakuna siku nimemsikia mmoja wao akisema najuta. Mwenzake mwenye pensheni ndiyo anamkatia mfuko wa sukari kila mwisho wa mwezi. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na linafanyika kimya kimya.

Mwaka wa kikundi hauanzi Januari, unaanza Novemba. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu Wote, wanaomba misa kwa ajili ya wenzao waliobaki vitani na wale waliolala pale Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Sasa angalieni ilivyokaa, tarehe hiyo hiyo ya 2 Novemba mwaka 1978 ndiyo Mwalimu Nyerere alitangazia taifa kwamba Amin ametuvamia na kwamba tutampiga, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Wazee wakiwa wamepiga magoti pale wanakumbuka vitu viwili kwa pamoja, redio ile na majina yale. Huwa wanayataja majina kwa sauti, bila karatasi, na akitajwa mtu wote wanaitika yupo. Mara ya kwanza kusikia nilitoka nje.

Alafu inakuja tarehe 11, Mtakatifu Martini wa Tours, naye alikuwa askari, akakutana na maskini anatetemeka kwa baridi langoni akachomoa upanga akakata joho lake nusu akampa. Basi wazee siku hiyo wanakusanya mablanketi. Mwaka huu daftari linasema 43, yote yamegawiwa kwa wajane na wagonjwa wa jumuiya zetu na mawili yamekwenda kwa familia isiyo ya Kikatoliki, na katika kikao hakuna aliyeuliza dini ya mtu. Pia tumemwezekea mama mmoja nyumba, paa lake lilikuwa limeoza upande mmoja, mabati yamechangwa na UWAKA, wanaume Wakatoliki, na WAWATA, wanawake Wakatoliki, wakapika, wazee wa miaka sabini wako juu ya kenchi wanagonga misumari na mimi nipo chini nasema tata shuka utaanguka, hawashuki.

Sasa nije kwenye Noeli yenyewe.

Baba alikuwa hapendi kusimulia vita. Ukimuuliza anakwambia kulikuwa na matope. Lakini kuna hadithi moja alikuwa anaitoa kila mkesha wa Krismasi tukisharudi kanisani, mama akiwa anapakua, na akiianza hata sisi watoto wadogo tulikuwa tunanyamaza. Krismasi ya 1978 walikuwa upande wa Kyaka, daraja la mto Kagera lilishalipuliwa na majeshi ya Amin mwezi wa kumi na moja, vijiji ng'ambo ya mto vimechomwa, ng'ombe wameswagwa, watu wamekimbia na magodoro kichwani. Mvua inanyesha, handaki limejaa maji mpaka magotini. Wakatoliki kwenye kundi lao walikuwa wanne, padri hayupo, na zamu ya lindo usiku huo wa tarehe 24 ilikuwa ni ya baba na mwenzake mmoja kutoka Songea. Akaja kijana Mwislamu, mtu wa Tanga, akawaambia nyie leo ni sikukuu yenu, nendeni mkasali, lindo nipeni mimi. Wakamwambia wewe umetoka zamu sasa hivi hujalala, akasema nendeni bwana. Wakaenda nyuma kidogo chini ya mti wanne wale, mmoja ana rozari, wakasali kwa kunong'ona, mafungu yote matano, wakaimba mstari mmoja wa Noeli kwa sauti ya chini kabisa kama mtu anayembembeleza mtoto, wakarudi. Wakamkuta yule mtu wa Tanga amesimama vile vile, maji yanamtiririka usoni.

Baba anasema alimwambia, hii zamu nitakulipa. Na alilipa. Kampala ilishaanguka mwezi wa nne 1979, vita imeisha, lakini wao walikuwa bado wamebakizwa Uganda, ikafika Idd el Fitri ya Agosti, baba akachukua zamu ya mwenzake mchana na usiku ili yeye akasali akale na wenzake. Baba hapo alikuwa anacheka, anasema tukawa hatudaiani, lakini kila mwaka mmoja wetu anadai hajamaliza kulipa.

Yule mtu wa Tanga baadaye alioa huku Muleba akabaki. Ndiye mzee mnayemuona na kofia ya kiua benchi la nyuma kabisa kila misa ya mkesha, wengine mlishawahi kuniuliza huyu mzee Mwislamu anafanya nini kanisani usiku wa manane. Ndiyo hivyo. Hasali nasi, anakaa tu mpaka misa iishe, alafu walikuwa wanatoka na baba wanakunywa kahawa. Na Idd baba alikuwa anapanda basi kwenda kwake na ndizi mkungu mzima.

Baba alipofariki, miaka miwili sasa, mwili uliletwa nyumbani jioni, watu wamejaa, wazee wa kikundi wamepanga wenyewe nani akae na marehemu saa ngapi, wawili wawili, kama walivyozoea. Saa tano usiku pikipiki ikaingia na yule mzee amelowa chapachapa, katoka Muleba kwenye mvua ile, hajasalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwa waliokaa pale kichwani akawaambia, hii ni zamu yangu. Wakampisha. Alikaa mpaka kunakucha hajainuka hata kunywa maji. Hata saa hizi naandika hapa machozi yananitoka, mnisamehe.

Kwa hiyo mimi injili ya Krismasi siku hizi naisikia tofauti. Luka anasema katika nchi ile walikuwako wachungaji wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku. Kwa zamu! Miaka yote nimesikia neno hilo likapita tu, mpaka nilipokaa na wazee hawa ndiyo likanishika. Habari ya kuzaliwa Mwokozi haikuanza kwa waliolala wamejifunika, ilianza kwa watu walio lindoni, wamechoka, baridi inawapiga, hakuna anayewakumbuka saa ile. Na aliyewatokea hakuja peke yake, kilikuja kikosi kizima, wingi wa jeshi la mbinguni, ndivyo Biblia yetu inavyosema, jeshi, na jeshi hilo lilikuja kuimba amani. Mzee mmoja wa kikundi akisikia sehemu hiyo huwa anakaa sawa kwenye benchi, mgongo umenyooka, kama ameamriwa.

Na tukienda kukomunika sote tunasema Ee Bwana sistahili uingie kwangu lakini sema neno tu, haya maneno yalitoka kwa askari, yule akida wa Kafarnaumu aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Katika misa nzima tunaazima mdomo wa askari dakika ile ya mwisho kabla ya kumpokea Bwana. Nilimwambia baba jambo hili akiwa tayari kitandani, akanyamaza kidogo, akasema, basi kumbe tumo.

Desemba ina jeraha jingine pia kwetu. Tarehe 7 Desemba 2017, wanajeshi wetu waliokuwa wanalinda amani Kongo, kule Semuliki, walivamiwa usiku kambini, tulitangaziwa 14 wamepoteza maisha na wengine wengi majeruhi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio, miti ya Krismasi imeshawekwa madukani, na kuna mama huko anaandaa chumba cha kijana wake arudi likizo. Wazee waliposikia hawakusema mengi. Jioni ile walikuja kanisani wote, hata wale wenye fimbo, wakasali rozari, na tangu mwaka huo kila tarehe 7 mshumaa unawaka pembeni ya pango hata kabla mtoto Yesu hajawekwa. Ukiukuta unawaka usiuzime, ni wao.

Mdogo wangu wa mwisho naye kavaa kombati, mwaka huu Krismasi yuko kazini mbali, wapi sitasema. Simu ya mwisho alipiga Jumapili, mtandao unakatika, mama akamuuliza utakula nini Krismasi, akasema mama tutakula tu, we niambie kama senene mmenibakizia. Tumembakizia, wako kwenye kopo, mama kaweka na karatasi ya jina lake juu asije mtu akajisahau.

Basi salamu zangu ziende kwanza kwa hao. Askari wetu mlioko mipakani na ng'ambo, mlinzi wa usiku kwenye geti la watu, nesi wa wodi ya wazazi atakayepokea mtoto wa mtu saa sita usiku, dereva wa basi anayewaleta ndugu zetu nyumbani, mvuvi aliye ziwani na karabai yake. Noeli njema, tunawaombea kwa majina kwa wale tunaowajua. Kwa wajane na yatima wa wanajeshi, sikukuu ina sehemu tupu mezani na najua inavyokaa, njooni kwetu, chakula kitakuwepo tarehe 26 hapo ukumbini, ndizi, maharage, sato kama ziwa litatupa, na wazee wamesema watapakua wao wenyewe. Atakayeweza kuchangia mchele au mafuta amuone mwenyekiti wa jumuiya yake au anitafute mimi baada ya misa. Na kama kuna kijana mwenye nguvu za kugonga misumari, Januari tuna paa jingine, tafadhali njoo maana sitaki tena kuwaona hawa babu zangu juu ya kenchi.

Kwa wazee wenyewe, kasinge, asanteni. Baba zangu mmenilea mara mbili.

Misa ya mkesha ni saa tatu usiku, mje mapema viti ni vichache. Yule mzee wa Muleba miguu imemsumbua sana tangu Oktoba, alituma ujumbe kwamba mwaka huu hataweza kupanda pikipiki, lakini wenzake wamekaa kikao wakaamua gari itamfuata mchana, na mimi nimeshanunua kahawa na ile thamosi kubwa ya baba nimeisugua. Nitakaa naye benchi la nyuma. Mwaka huu zamu ya kunywa naye kahawa ni yangu.

Noeli njema wapendwa, na heri ya mwaka mpya.