Mwanangu, hilo neno la bahari kufa

Mwanangu, assalaam alaykum,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza jikoni, ya pili barazani, ya tatu usiku baba'ko keshalala. Unasema mama achana na pwani, ntakutumia pesa kila mwezi, bahari yenyewe ishakufa hiyo. Pesa ahsante, Mungu akuzidishie, ntapokea wala sina kiburi. Lakini hilo neno la bahari kufa limenikaa rohoni siku nne sasa, ndo maana nakuandikia badala ya kukurekodia, manake nikirekodi ntalia na ukinisikia nalia utamuomba tajiri wako huko Maskati ruhusa urudi.

Neno hilo nshalisikia kabla yako. Bibi yako, mama yangu mimi, alilisema.

Wewe bibi umemkuta mzee, unamjua wa kwenye mkeka na tasbihi. Mimi namjua wa makumbi. Enzi hizo hapa Jambiani, kwetu Unguja, kila mwanamke na shimo lake kule maji yanapokupwa na kujaa, kalizungushia mawe, anafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga, anaweka mawe mazito juu yasielee, basi anayaacha yaoze miezi kadhaa, mengine yanafika nusu mwaka. Siku ya kufukua mwanangu harufu yake we acha! Nlikuwa mdogo nabeba kwa pakacha, nguo zinanuka wiki nzima hata ufue vipi. Halafu yanapigwa kwa gongo mpaka utoke usumba, zile nyuzi zake, unaanikwa, jioni kina bibi wanakaa uani wanasokota kamba kwa viganja huku wanapiga soga, ukimtazama usoni haangalii hata mkono unafanya nini. Yale malundo ya mawe uliyokuwa ukirukaruka utotoni maji yakitoka, ndo mashimo yenyewe hayo. La bibi yako bado naweza kukuonesha.

Saa hakuwa nayo. Ukimuuliza bamvua lini, yale maji yanayokupwa na kujaa sana, anatazama mwezi tu anakwambia kesho kutwa, na inakuwa kesho kutwa. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, hatii mguu pwani, anafanya kazi zake za nyumbani. Matundu ya pweza aliyajua kama wewe unavojua vyumba vya nyumba yetu, na kombe za baharini alikuwa haokoti ndogo, anasema hiyo ya mwakani. Wewe umeniwekea kwenye simu ile programu ya maji kujaa na kupwa, naiangalia, lakini kwanza natoka nje naangalia mwezi, sijui kwa nini.

Basi ikaja nailoni. Kamba ya nailoni haiozi, rahisi, nani tena anunue ya usumba. Mwaka mmoja bibi yako alifukua makumbi yake akasokota akaweka chumbani mpaka panya wakafanya nyumba. Ndo siku hiyo alisema pwani ishakufa.

Mwani wa biashara ulianza huku pande zetu mwaka 1989, Paje na hapa kwetu, mbegu zimetoka Ufilipino. Mimi nlikuwa sijaolewa. Na ujue mwani kwangu mimi kabla ya hapo ulikuwa kitu cha kuteleza tu kinachotupwa ufukweni, sikuwahi kumsikia mtu anafikiria kuulima, kwa hivo nlipokwenda kuchukua kamba na mbegu bibi yako alisusa kusema na mimi. Kilichomuudhi zaidi ni kuwa kamba zenyewe ni za nailoni. Mavuno ya mwanzo, siku 45 hivi tangu kufunga mbegu kwenye kamba, nlimnunulia doti ya khanga na sukari, akapokea kimya, siku ya pili nikamuona kafunga khanga ile ile kaja shambani kunisaidia kufunga taitai, vile vikamba vya plastiki vya kushikia mbegu. Hakusema kitu mpaka tunarudi.

Bati za nyumba uliyozaliwa ni mwani. Sare zako, kitanda chako, hata pasipoti ilokupeleka Maskati, mwani. Ilikuwa pesa ya mwanamke mkononi mwake, baadhi ya wanaume walinuna sana mwanzoni ila bati ziliwanyamazisha.

Sasa nkwambie kitu sijamwambia mtu. Ili upate shamba zuri ilibidi mahali pawe peupe, na sisi tuling'oa majani ya baharini kwa mikono yetu, tunang'oa tunatupa, na vijiti vya kufungia kamba vingine tukakata mikoko. Bibi yako alisimama pale akasema mnavunja nyumba ya kombe. Nikacheka, nlikuwa na miaka kumi na nane najiona nimeshika dunia. Kombe zikapungua kweli pale tulipong'oa. Halafu samaki tafi wakawa wanakuja kula mwani nikawachukia tafi kama wezi, wakati yale majani ndo chakula chao na tumeyang'oa sisi. Na zile taitai za plastiki zilizokatika, leo ndo nazokota ufukweni pamoja na chupa za wageni. Kwa hivo ukisema bahari imekufa naumia mara mbili, manake na mikono yangu imo.

Kotonii, ile aina moja ya mwani, unaikumbuka? Pengine hukuikumbuka, ulikuwa mdogo. Ile ndo ilikuwa na bei, spinosi, aina ya pili, bei yake haifiki nusu. Kuanzia miaka ya 2000 ikawa unafika shambani unakuta ncha zimegeuka nyeupe kama barafu, ukigusa inakatika inaondoka na maji. Maji yamekuwa moto. Na bamvua kwetu maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi, jua linakuja kupiga yale maji kidogo yalobaki mpaka ukitia mguu unahisi chai. Dokta Flower Msuya, mtaalamu wa mwani, kalisema hili miaka mingi, kuwa joto ndo linaua kotonii na dawa yake ni kuisogeza kwenye maji marefu yaliyo baridi. Wengi waliacha. Wengine wanatengeneza sabuni ya mwani, kuna na wanaofuga sponji za baharini hapahapa Jambiani, mimi nlibaki na spinosi yangu ya bei ya kutupa, na njia tulokuwa tukipita na bibi yako kwenda shimoni sasa pana ukuta wa hoteli, nazunguka.

Sasa kikundi chetu kimeamua kujaribu kotonii tena, kwenye maji marefu, inatiwa kwenye nyavu ndefu kama soksi, unakwenda kwa boti. Na hapo ndo lilipo la kukuandikia.

Miye sijui kuogelea. Nimezaliwa hatua hamsini kutoka majini, nina miaka 52, sijui. Bibi yako kafa hajui. Sisi wanawake pwani yetu ilikuwa ile maji yakishatoka, yakirudi na sisi tunarudi, maji marefu ya wanaume. Na wewe hujui kwa sababu yangu, nakumbuka siku ulipoingia na kina kaka'ko ulikuwa na miaka minane tisa, nlikuchapa mbele za watu na ufito mpaka ukakojoa. Nliogopa mwanangu. Niliogopa maji na niliogopa maneno ya watu, sijui lipi zaidi. Nisamehe.

Wiki tatu sasa tunajifunza, wanawake sita, alfajiri kabla watu hawajajaa ufukweni, tunashika dumu tupu kifuani tunapiga miguu. Jumapili niliachia dumu. Nkaelea, nahesabu kimoyomoyo, nilifika kumi na nne ndo nikamkamata mwalimu shingo. Baba'ko nimemwambia akakaa kimya muda, halafu akauliza na boti nani ataendesha.

Mwezi huu usinitumie pesa. Huko Maskati nasikia zipo nguo za kuogelea za stara, mikono mirefu na kofia yake, zinakauka haraka, huku tunaingia na madira yanatuvuta chini. Ninunulie moja nyeusi, saizi yangu unaijua. Na ukija likizo lete na yako.

Mamako

Bamvua inaanza Jumatano, simu sitokuwa nayo asubuhi.