Madonge ya kijani si mawe ya nyongo

Ndugu Mhariri,

Zinazunguka simuni hapa Kigoma picha za madonge ya kijani yanayotoka chooni baada ya mtu kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, eti mawe ya nyongo, yale yanayojijenga kwenye mfuko wa nyongo, yametoka. Madonge hayo ni sabuni. Mafuta huvunjwavunjwa tumboni, yakakutana na potasiamu ya limau, yakaganda. Wapika sabuni ya mawese hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa madonge ya namna hiyo: hayakuwa na fuwele (chembe ngumu zenye umbo la mpangilio), yaliyeyuka kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, na hayakuwa na kolesteroli, bilirubini (rangi ya nyongo) wala kalsiamu.

Jiwe halisi la kolesteroli halifanani nayo hata kidogo. Lipasue katikati: fuwele zimetoka kwenye kiini kuelekea pembeni kama spoku za baiskeli, na kiini mara nyingi ni cheusi, maana jiwe lilianzia kwenye punje ya rangi ya nyongo. Kwangua unga kiasi cha ncha ya wembe, uweke kwenye slaidi na tone la maji, funika, tazama kwa hadubini kwa ukuzaji wa mara 100, kisha 400. Utaona vibamba bapa, vingi vimemeguka kona moja kama kioo cha dirisha. Ukikingamanisha vichujio viwili vya kupolaraisha mwanga, kimoja chini ya slaidi na kimoja juu, vibamba vinang'aa gizani.

Jiwe jeusi ni jingine: dogo, linavunjika kama mkaa, limejaa kalsiamu bilirubineti, yaani chumvi ya kalsiamu na bilirubini. Wenye selimundu hulipata kwa sababu chembe zao nyekundu huvunjika kwa wingi. Tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa likitoa vipovu, mna kalsiamu kaboneti, ambayo kwenye mawe haya huweza kuwa kalsaiti, aragonaiti au vateraiti: kemikali ileile, mpangilio tofauti. La kahawia ni laini, la matabaka, huambatana na bakteria kwenye mirija ya nyongo. Hilo, kusema kweli, lina sabuni ya kalsiamu ndani yake, lakini imechanganyika na bilirubini.

Sampuli nyingi huharibikia kwenye chupa. Spiriti huyeyusha kolesteroli. Fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, ikikaa huwa na asidi, ikala kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, kisha maabara inaandika "hakuna chokaa". Jiwe lisuuzwe kwa maji safi, likaushwe kivulini, litunzwe kavu.

Aliyekunywa limau na mafuta arudie ultrasaundi. Eksirei isimpe moyo, kwani mawe mengi hayana chokaa ya kutosha kuonekana humo. Na maumivu chini ya mbavu za kulia yakija na homa au macho ya manjano, aende hospitali siku hiyohiyo.

Wataalamu wa maabara,
Kigoma