Salamu za Mwaka Kogwa kwa Watu wa Makunduchi na Wageni Wao

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu zangu na wanangu mlioko Makunduchi, pamoja na ninyi mliotawanyika Mjini, Dar es Salaam, Maskati na kwingineko. Kipupwe kimeshatulia, kusi inavuma kwa nguvu nje ya mwamba, na kila siku za mwisho za Julai zinapokaribia, macho ya kila aliyezaliwa Kae, yaani Makunduchi, huelekea uwanja wa Kae Kuu, panapofanyika Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Nawatakia Mwaka mwema, wenye afya na riziki ya halali.

Mwaka wetu ni wa jua, na hesabu yake imetokana na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Siku zake 365 huhesabiwa kwa makumi tunayoyaita miongo, ambayo jumla yake ni 36, kisha hubaki siku 5 zinazoufunga mwaka. Hesabu hiyo haina siku ya kuongezwa katika mwaka mrefu, na kwa sababu hiyo hurudi nyuma kwa siku moja katika kalenda ya ofisini kila miaka minne. Wazee wetu walijua kwa miongo wakati wa kuchoma konde, wakati wa kupanda, na wakati ambao mwenye ngalawa hapaswi kuvuka mwamba. Naona ni elimu kubwa, na inaniuma kwamba vijana wengi wanalijua jina la sherehe lakini hawawezi kutaja tuko katika mwongo wa ngapi.

Nchi yetu ndiyo iliyoifanya elimu hiyo iwe ya lazima. Makunduchi iko katika ncha ya kusini-mashariki ya Unguja, zaidi ya kilomita 60 kwa barabara kutoka Mjini, ikipakana na Jambiani upande wa kaskazini na Mtende upande wa kusini. Hatukujaliwa udongo mwekundu wenye kina kama ule wa magharibi ya kisiwa, unaobeba mikarafuu. Tumepewa uwanda wa mawe ya matumbawe, ambamo mkulima hutafuta mifuko ya udongo kati ya jiwe na jiwe, akapanda muhogo, mtama na mbaazi, kisha akaliacha konde lipumzike hadi msitu urudi. Mbele yetu kuna bahari ya namna mbili: ile ya ndani ya mwamba, ambayo wakati wa bamvua hutoka ikaacha mchanga na mawe wazi, kina mama wakaenda kutafuta pweza na chaza kwa miguu, na ile ya nje, yenye kina na mawimbi, ambayo kusi ikishika hatuiendei ila kwa tahadhari. Kilimo cha mwani, kilichoanza pwani hii ya mashariki mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, nacho hufuata maji hayohayo ya ndani, na mikono inayokifanya kwa sehemu kubwa ni ya wanawake.

Mahali kama hapa hapatawaliki na mtu asiyejua njia zake. Zamani, Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji wa Unguja, alipokuwa na enzi yake huko Dunga, cheo cha sheha, yaani mkuu wa mji, kilikuwako, lakini mambo ya mji yaliamuliwa na watu wanne, wazee waliokaa kwa niaba ya koo na mitaa, na pembeni yao alikuwepo mvyale, aliyeaminiwa kujua siri za ardhi na kuongoza ibada za mwaka. Leo tuna shehia, yaani maeneo madogo kabisa ya utawala, miongoni mwake Kijini, Mzuri, Kajengwa, Nganani na Tasani, na kila moja ina sheha anayeteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Juu ya shehia kuna wadi yenye diwani tunayemchagua kwa kura, kisha Wilaya ya Kusini, kisha Mkoa wa Kusini Unguja. Sheha ndiye anayeweka daftari la wakaazi, anayeandika barua ya utambulisho, anayepokea taarifa ya mgeni aliyeingia, na anayeletewa ugomvi kabla haujafika polisi wala mahakamani. Kazi hiyo haionekani kubwa kwa mtu wa mbali, lakini kwetu karibu kila haki ya mtu huanzia katika barua yake.

Ndiyo maana, kila nikisimama Kae Kuu, huyaona mapambano ya mabua ya migomba kwa jicho tofauti na la mpiga picha. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini hupigana mbele ya watu wote, waziwazi, kwa silaha isiyoua, ili kinyongo cha mwaka mzima kitoke na kisiingie katika mwaka mpya. Kina mama huzunguka wakiimba, wakiwa katika nguo zao nzuri, na katika nyimbo hizo husemwa mambo ambayo hayangesemwa siku nyingine. Kisha kibanda cha makuti huchomwa, na wazee hutazama moshi unaelekea wapi. Jioni wale waliopigana hula sahani moja. Kwangu hilo ni baraza la mji, tena la kale kuliko ofisi yoyote tuliyonayo.

Nayasema haya kwa sababu msimu huu tunahitaji uwazi huo katika jambo la ardhi. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, lakini mnazi uliopandwa juu yake una mwenyewe, na njia ya kwenda pwani ina watu walioipita vizazi na vizazi. Mipaka yetu mingi haiko katika ramani: ni mbuyu, ni ukuta wa mawe, ni mkondo wa maji unaojulikana na wavuvi. Kiwanja cha ufukweni kinapoombwa kwa ajili ya hoteli, nawasihi masheha, madiwani na wazee wetu wasikubali mpaka usomwe katika chumba kilichofungwa. Wapelekeni watu palepale, maji yakiwa yametoka, wakiwemo kina mama wa mwani na wa pweza, kila mmoja aonyeshe anapopita na anapofunga kamba zake. Vijiji kadhaa vya kusini mwa Unguja vimeweza kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na makubaliano hayo yameheshimiwa kwa sababu waliofungiwa walikuwepo yalipofanywa.

Kwenu mnaorudi nyumbani, njooni na watoto wenu, muwaonyeshe konde la babu na mpaka wake, na muwaache wasikie Kikae, lahaja yetu, kikizungumzwa. Kwenu wageni, tunaamini kwamba nyumba isiyokuwa na mgeni siku ya Mwaka haina heri, kwa hiyo ujio wenu ni hisani kwetu. Asiyekuwa na mwenyeji asisite: akisimama tu uwanjani ataulizwa amefikia kwa nani, na kabla hajamaliza kujibu atakuwa ameshashikwa mkono kupelekwa kula.

Mwaka mwema.