Barua ya kufunga muhula: tumecheza

Kwa wazazi na walezi wa madarasa ya awali

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umefika ukingoni. Ripoti za watoto mtazikuta kwenye mabegi yao, ndani ya bahasha yenye tarehe ya kufungua shule. Naomba msome na ukurasa wa pili, maana wengi wetu tukishaona alama tunafunga.

Kuna jambo nataka kulisema mwenyewe. Lalamiko nililolipokea mara nyingi kuliko yote muhula huu ni hili: mtoto anarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nywele, goti limechunika, na akiulizwa "leo mmesoma nini?" anajibu "tumecheza." Mzazi mmoja aliniuliza kwa upole, ila ujumbe niliupata: "Mwalimu, kwa hiyo ada tunalipa ili acheze?" Siku ile nilimjibu ovyoovyo. Namjibu leo.

Nianze na kosa langu. Wiki ya tatu nilifuta mapumziko ya pili ya darasa la awali ili tupate nusu saa zaidi ya kuandika. Kwenye ratiba ilipendeza. Siku kumi hazikuisha, walimu wakaja ofisini. Watoto walikuwa wanateleza kwenye viti, wanasukumana kwenye foleni ya kunawa mikono, penseli zinaanguka kila baada ya dakika, na ile nusu saa yote ilikuwa inaishia kwenye "kaa chini, kaa chini." Nikayarudisha mapumziko. Mtoto wa miaka 5 hatulii kwa sababu ameamriwa atulie. Akishakimbia akachoka, hutulia mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikitoka kusimama uwanjani. Kuna mtoto mmoja, simtaji, aliyeanza muhula akishika penseli kwa ngumi kama anayetwanga. Karatasi za mazoezi ya mistari hazikumsaidia sana. Uwanjani alikuwa akienda moja kwa moja kwenye vyuma vya kuning'inia. Anashika, anadondoka baada ya sekunde mbili, anapangusa viganja kwenye kaptula, anarudi. Kila siku. Sasa hivi anavivuka vyote kwa mikono bila kugusa chini, na penseli anaishika kwa vidole vitatu. Sisemi vyuma peke yake ndivyo vilivyomfundisha. Mwalimu wake naye alitoa jasho. Lakini vidole vinavyoandika huegemea kifundo cha mkono, na mkono wote huegemea bega. Bega likiwa legevu, mkono huchoka kabla mstari haujaisha, na hakuna daftari linalokomaza bega.

Mtawaona pia wanazunguka mpaka wanayumba na kuanguka huku wakicheka. Msikimbilie kuwakataza. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyoujulisha ubongo kichwa kimegeukia wapi; kuzunguka, kubembea na kubiringika huvipa kazi. Mifupa nayo huimarika inapobeba uzito, ndiyo maana kurukaruka kuna faida kuliko tunavyodhani. Na watoto wanaopata muda mwingi wa kuwa nje mchana hawapatwi sana na tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali.

Halafu kuna mabishano. Wiki iliyopita niliwatazama watoto saba wakipanga kukimbizana. Nani anakimbiza? Mti ni salama au si salama? Aliyeinama kufunga kamba za kiatu anaguswa? Walibishana dakika kumi, wakacheza nne, kengele ikalia. Mara mbili nilitaka kuwaamulia, na nashukuru nilijizuia. Kusubiri zamu, kukumbuka sheria mliyokubaliana, kushindwa bila kususa: mambo hayo mwalimu wa hesabu anayahitaji darasani kama mimi ninavyoyahitaji kwenye foleni ya kunawa mikono.

Nimewaambia na walimu: hapa hakuna kumnyima mtoto mapumziko kama adhabu. Mchezo umetajwa kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Hata usingetajwa, anayenyimwa kwa kawaida ndiye anayeuhitaji zaidi.

Sasa likizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Si mfululizo, ni jumla ya kutwa nzima. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1, na usingizi uwe saa 10 hadi 13. Shuleni hatuzifikishi dakika zote hizo, kwa hiyo nyingine ziko mikononi mwenu. Ndiyo sababu watoto wa awali hawana kazi ya kuandika likizo hii. Najua wapo watakaoninunia.

Msio na uwanja msikate tamaa. Mstari wa chaki sakafuni wa kutembelea kama kamba, mito ya kurukia, karatasi iliyoviringwa ikawa mpira, vinatosha. Mtoto asiyeweza kukimbia naye acheze. Mpira unarushwa hata ukiwa umekaa. Wekeni macho kwenye barabara, maji na sehemu za juu. Mengine waacheni wajaribu. Kwa goti lililochunika sitaomba radhi, ila kwa kichwa kilichogonga chini nitaomba, ndiyo maana tumemwaga mchanga chini ya vyuma.

Muhula ujao kila mtoto aje na nguo za kubadilisha na viatu vya kufunika vidole, vyote vikiwa na jina. Soksi zilizookotwa ziko kwenye boksi mlangoni mwa ofisi yangu. Nimezihesabu jana: 23, na hakuna jozi hata moja.

Wenu,
Mwalimu Mkuu