Abiria wa visiwani wasiachwe wakihangaika

Mhariri,

Kwenye viwanja vya ndege vya visiwa vidogo, adha haiko angani, iko mlangoni. Ndege mbili zikifuatana kutua, abiria wote hujazana kwenye dirisha moja la uhamiaji. Nimemwona bibi kikongwe amekalia sanduku lake, pasipoti mkononi, foleni haisogei. Inauma sana. Ukitoka nje, teksi chache zilizokuwepo zimeshachukuliwa na basi limeondoka, kwa kuwa ratiba yake haifuati ya ndege. Wahusika waoanishe ratiba hizo, na mabenchi yawekwe.

Siku ya kuondoka kuna jingine: ndege ndogo ina kikomo cha uzito, hivyo begi lako linaweza kubaki. Abiria aambiwe anapokata tiketi, si akiwa kaunta.

Msomaji wenu